Mizunguko Kumi Nikiwa Nimekaa Wima

Asiniambie mtu kwamba wakati wa vita watu wazima hawachezi. Sisi tulicheza. Kila Jumamosi asubuhi, kama usiku ulikuwa umepita bila milio ya risasi, wanaume saba wenye wake na watoto tulipanda pikipiki zetu hadi kwenye uwanja mmoja mpana kabla ya kufika mtaa wa Lemon Gaba, pembezoni mwa Juba, tukashindana kuzunguka matairi mabovu tuliyoyapaka chokaa. Uwanja ule ulitiwa lami ili malori ya mizigo kutoka mpakani yaegeshwe pale. Barabara ilipokuwa ya hatari malori yakaacha kuja, na mwenye uwanja akaturuhusu tuutumie, mradi tusiguse uzio wake.

Karibu wote tulikulia ukimbizini Uganda, tukarudi Juba na vyeti vyetu, Kiswahili cha kubahatisha, na ugonjwa wa pikipiki. Mimi nilikuwa natengeneza jenereta mtaa wa Atlabara. Kwa siku sita mikono yangu ilinuka dizeli, na siku ya saba nilikuwa mfalme.

Mashine yangu ilikuwa spoti nyekundu, iliyofunikwa ganda la plastiki kuanzia kwenye taa hadi tumboni. Usukani uko chini, vikanyagio viko nyuma, na ukiipanda unalala kifudifudi juu ya tangi kama mtu anayetafuta kiatu chini ya kitanda. Niliipenda mno. Kwa uwanja ule haikuwa na maana yoyote, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuingiza gia ya nne kabla kona haijamkatisha, lakini ungenieleza hayo wakati ule tungegombana.

Sheria zetu zilikuwa chache na kali. Petroli ilikuwa ya shida, ikiuzwa kando ya barabara kwenye chupa za maji ya kunywa, kwa hiyo, mbali na ya njiani, kila mtu alikuja na chupa moja ya mchezo, na chupa moja ilikuwa mizunguko kumi. Anayeshindwa kumaliza kumi Jumamosi tatu mfululizo anavua helmeti moja kwa moja na kuwa mhesabu mizunguko. Anayechelewa anahesabiwa ameshindwa. Mhesabu wetu alikuwa mwalimu mstaafu ambaye goti lake lilikuwa limemtoa mchezoni. Alikaa kwenye kiti cheupe cha plastiki, saa mkononi na kitambaa chekundu begani, akisema wazi kwamba anasubiri mtu wa kumpokea kazi. Nilimpenda sana yule mzee, na nilikiogopa kiti chake kuliko kitu chochote mjini, bunduki zikiwemo.

Kisha mgongo wangu ukanisaliti. Jumamosi moja niliachia kwenye mzunguko wa saba, viganja vimekufa ganzi na kiuno kinawaka moto. Iliyofuata sikufika hata wa sita. Wenzangu wawili walinishusha wamenishika makwapani. Mwalimu alisogeza kiti chake kidogo tu, akanitazama kwa upole, na kwa upole ule nilimkasirikia siku nzima.

Mke wangu ndiye aliyesema lililokuwa wazi. "Baba watoto, yule boda wa njiapanda anashinda juu ya pikipiki tangu asubuhi hadi jioni. Umewahi kumsikia analia mgongo? Anakaaje? Wima!"

Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikaenda mtaa wa Juba Na Bari kwa fundi mmoja niliyemfahamu, tukabadilishana mashine kwa mashine. Yake ilikuwa ya aina ambayo sisi wapenzi wa pikipiki huiita neked, yaani uchi. Injini ni ya nguvu zile zile, lakini ganda hakuna. Taa ni ya duara, usukani mpana umeinuka, mabomba na nyaya zote zinaonekana. Niliona aibu, nisiseme uongo. Ukinitazama kwa mbali ulikuwa unamwona boda aliyejinunulia helmeti ya kujidai.

Na hivyo ndivyo mama mmoja alivyoniona Jumamosi ya tatu, Jumamosi ya hukumu yangu. Nilikuwa nimesimama karibu na soko la Konyo Konyo, namimina petroli ya njiani kwenye tangi, nikahisi pikipiki imezama upande wa nyuma. Kugeuka, mama mnene ameshakaa, amepakata beseni la samaki wakavu, anakaza kitambaa chake cha kichwa.

"Lemon Gaba," akasema. "Yala, twende. Jua nakuja kali."

"Mama, mimi si boda."

"Pikipiki iko. Kiti ya nyuma iko. Sasa boda ni nini?"

Nilimwomba ashuke. Akaniuliza kama nadhani beseni lile limejipandisha lenyewe. Niliangalia saa: imebaki robo saa, na kubishana kungezimaliza dakika zote. Njia yake ilikuwa njia yangu. Nikawasha, tukaondoka. Kwenye kizuizi cha barabarani, yule askari ambaye kila Jumamosi alinikagulia karatasi zote kwa sababu ya ile spoti nyekundu, leo alimwamkia mama akatupungia tupite.

Tulifika mwalimu ameshasimama na kitambaa. Wenzangu wakaangua kicheko. "Boda! Boda! Nipeleke na mimi!" Nilimsihi mama anisubiri kidogo, nizunguke mara kumi, kisha nimfikishe hadi mlangoni kwake.

"Unazunguka kwenda wapi?"

"Siendi mahali, mama. Nazunguka tu."

Alinitazama sana. "Huyu iko mugonjwa," akamwambia mwalimu. Mwalimu, mtu wa adabu, akampisha kiti chake. Nilipokiona kile kiti kimepata mwenyewe nikajikuta nacheka ndani ya helmeti.

Kitambaa kikainuliwa. Kona ya kwanza nilikaribia kupitiliza, maana mwili bado ulitaka kulala. Ya pili nikauacha ukae. Usukani ule mpana ulinitii kwa kuusukuma kidogo tu, mashine ikainama, ikainuka, ikainama upande wa pili. Macho yangu yalikuwa juu, naona kona inayofuata kabla sijaifikia, naona hata rangi ya kitambaa cha mama. Miaka yote nilikuwa nimeutazama uwanja ule kwa kukunja shingo! Nilifurahi hadi nikapiga kelele.

Mzunguko wa saba niliungoja ule moto wa kiunoni. Haukuja. Wa nane nikawa naogopa kupumua. Mama alikuwa ameshaukubali mchezo, anahesabu pamoja na mwalimu kwa Kiarabu cha Juba, na nilipopita mara ya mwisho nilimsikia akiita "Ashara! Kumi! Kalas, basi!" huku anapiga beseni. Nilimaliza wa tano kati ya saba. Nilishuka mwenyewe, kwa miguu yangu, nikamkumbatia mwalimu, naye akalalamika kwamba sasa atastaafu lini.

Mama alikuwa anaangalia lami.

"Mimi napanda pikipiki mara mingi," akasema. "Vita nakuja, napanda, nakimbia. Vita nakuja tena, napanda tena. Kwenda tu. Kurudi hakuna. Hii yenu nakwenda, narudi. Nakwenda, narudi. Hii kitu ni muzuri."

Kila mmoja wetu pale aliwahi kubebwa hivyo, mgongoni mwa mtu au juu ya kitu chenye magurudumu, na kuambiwa asiangalie nyuma.

Nikamwambia twende basi, nimpeleke nyumbani. Alimkabidhi mwalimu beseni la samaki, nikamvalisha helmeti ya mwenzangu, akapanda. "Kwanza mimi pia nazunguka. Moja."

Tulikwenda polepole, gia ya pili. Kona ya kwanza alinikamata jaketi kwa mikono yote miwili. Ya pili akaanza kucheka, na kicheko kile kilitikisa pikipiki nzima. Tulipofika kwenye mstari nikashika breki. Akanigonga begani.

"Usisimame," akasema. "Turudi tena."

Mwalimu akaweka beseni chini, akainua kitambaa chekundu. Mgongo wangu ulikuwa kimya. Nikaachia breki, tukarudi.