Sauti ya Pili Kwenye Kanda

Siku yangu ya kwanza kwenye kazi ya kukusanya simulizi za wazee, Iringa, Mkuu wa Kitengo hakunikaribisha hata chai. Alinisimamisha mbele ya meza akaniuliza tofauti ya ngano na kisasili. Nikabahatisha, nikakosea. "Ngano, msimuliaji na msikilizaji wote wanajua ni ya kubuni," akasema. "Kisasili wenyewe wanakiamini: mlima ulitokeaje, kifo kilianzaje. Kisakale kina shujaa wa ukoo, na kaburi lake watakuonyesha. Ukivichanganya nakurudisha kwenu." Kwetu ni Mlandege, mwendo wa miguu tu, lakini usiku huo nilivikariri vyote vitatu.

Ninyi mnaorekodi kwa simu mtanicheka. Sisi tulibeba redio kaseti, betri za akiba na blanketi la kutandika chini yake isinase mtikisiko wa meza. Msimuliaji tulimwita fanani, wasikilizaji hadhira, na Mkuu alitaka kwenye kanda isikike sauti ya fanani peke yake.

Kwa agizo hilo nilikwenda kijiji kimoja nje ya Nyololo, kwa mzee aliyesifika kwa kisakale cha babu wa ukoo wao, mpiganaji. Nikamwomba mkewe, kwa heshima zote, atupishe kwanza. Mzee akaanza vizuri. Shujaa akazaliwa, akakua, akashika mkuki. Kisha akanyamaza.

"Sasa namsimulia nani?"

"Mimi nasikiliza, baba."

"We umenyamaza kama mgonjwa. Hebu muite mama yako."

Mama akaja na ungo wake wa maharage, akakaa. Mzee akitua, yeye "Enhe!" Mzee akikimbia, yeye "Ngoja kwanza, mto alivukaje?" Mzee alipojigamba kwamba babu yao hakuguswa na silaha yoyote, mama akaangua kicheko. "Na ule mguu? Si alichechemea mpaka anakufa?" Mzee akakubali shingo upande, akaueleza mguu. Katika kazi yetu hiyo huitwa dosari ya shujaa, na ndiyo inayomfanya awe mtu. Bila yule mama nisingeipata.

Mkuu aliposikiliza alikunja uso. "Huyu mama wa nini? Nakili upya, kila akiingia unamkata."

"Mkuu, mzee anamjibu yeye. Nikimtoa, nani kauliza?"

"Binti, hapa si kilabuni. Mtoe."

Nilikataa. Nilikasirika sana, na hasira zangu hazijawahi kunipandisha cheo. Kanda ikafungiwa kabatini kama isiyofaa, nami baada ya muda nikahamishiwa Mbeya.

Afisa Utamaduni wa huko, mwanamke mpole mwenye msimamo, aliniuliza kwa nini nilihamishwa. Nikamweleza. "Basi tuisikie hiyo kanda yenyewe," akasema, akaiomba Iringa rasmi mpaka ikaletwa. Niliitumia kuwafundishia wakusanyaji wapya hadi nilipostaafu, na mmoja wao akainakili kwenye simu yangu.

Sasa nakaa Ilomba, nalima viazi kidogo nyuma ya nyumba, na muda wa kufikiri ninao. Yale maneno ya Mkuu, ngano, kisasili, kisakale, siyadharau. Bila hayo ningesikiliza mengi nisijue nimesikia nini. Ila neno hadhira bado linanikera. Linamfanya anayesikiliza aonekane amekaa tu, mikono mapajani, anangoja kupewa. Nimezunguka vijiji vya kutosha kujua hadithi husukumwa na watu wawili.

Juzi juzi alinitembelea mama mmoja wa makamo, binti wa yule mzee wa Nyololo. Wazazi wote wawili wamekwisha kufariki. Alisikia nina kisakale chao, akataka wajukuu wamsikie babu. Nikaiweka simu mezani. Akawa anatabasamu, anatikisa kichwa, mpaka ilipotoka ile "Enhe!" ya kwanza. Akanishika mkono.

"Huyo ni mama."

"Ndiye. Nizime?"

"Hapana, usizime." Machozi yalikuwa yameshaanza, wala hakuyafuta. "Baba tunaye, dada yangu. Kila harusi alishika kipaza sauti, video zipo tele. Mama hakuna aliyewahi kumrekodi. Watoto wangu hawaijui sauti yake."

Tukasikiliza mpaka mwisho. Nilipotaka kumtumia kwenye simu yake akanizuia kidogo.

"Kwanza nirudishie pale anapocheka."