Sadaka Uwanjani

Juzi, siku chache baada ya kumzika baba yangu, Papa, niliona watoto wakicheza besiboli mtaani Westville, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni yenye harufu ya majani mabichi, Papa aliponipeleka uwanjani. Timu mbili ziligombea nafasi ya mwisho ya nusu fainali.

"Bluu iko na nguvu," Papa alisema, "lakini kila mtu anacheza yake. Wekundu wanacheza pamoja kila wiki. Watapita."

Mchezaji mwekundu aliugusa mpira polepole tu kwa gongo lake, akatolewa. Nikacheka.

"Eish, usicheke! Ametoa sadaka."

Nikatafuta kikapu cha kanisa kwa macho, nisione mwenzake, aliyepata nafasi kwa kutolewa kwake, akikimbia kuleta pointi ya ushindi.

Papa alilinda magari ya watu mjini ili sisi tusonge mbele. Sasa sikitafuti tena kile kikapu.