Gunia la Kahawa na Nishani Yangu ya Kwanza

Nakumbuka asubuhi moja ya Novemba, matope mekundu yakiwa bado mabichi njiani, nilipovaa sare kamili ya jeshi nikateremka hadi kiwanda cha kahawa cha mtaa wetu. Sikuwa na kazi yoyote kule. Nilikwenda nionekane.

Mwanangu, usinicheke. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, Luteni katika jeshi la nchi changa, na kwenye vilima vyote vilivyo kati ya kwetu Nyeri na Kiriaini sikumjua kijana mwingine aliyevaa nyota mbili begani. Nilikuwa nimesoma uinjinia Uingereza miaka miwili nikarudi na diploma. Diploma hiyo ningali nayo. Imo ndani ya fremu sebuleni, na ukija kwangu utaiona kabla hujaketi. Sikubebwa na mtu. Baba alifariki nikiwa darasa la nne. Mama akanisomesha kwa jembe, nami nikajisomesha kwa kichwa changu. Nayasema haya kwa sababu ni kweli, na mtu asione haya kusema kweli hata kama inamsifu. Ubaya huanza pale sifa inapouzidi ukweli. Hapo ndipo hadithi yangu ilipo.

Mfukoni mwa sare nilikuwa na barua. Iliniarifu kwamba ningetunukiwa nishani ya ushujaa kwa jambo lililotokea kaskazini, wiki chache kabla ya likizo yangu.

Siku ya kupeleka kahawa, kilima kizima hukutana kiwandani. Wanawake humwaga buni zao juu ya magunia matupu, wakachambua: nyekundu huku, mbichi kule, zilizokauka pembeni. Mama yangu alikuwa ameketi hapo, miguu ameinyoosha, vidole vikienda bila yeye kuvitazama. Kamau, karani wa mizani, aliponiona alipaza sauti.

"Luteni! Ni kweli ati ulipigana na mto?"

"Mto ndio ulipigana na mimi," nikajibu, "na umejuta."

Watu wakacheka, nami nikapata moto. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikawasimulia jinsi nilivyokuwa nikiongoza malori manne katika nchi kavu ya kaskazini, hadi tukafika mahali ambapo barabara inakatwa na mto usio na maji, mchanga mtupu. Nikawaambia jinsi nilivyotambua mapema kwamba mvua imenyesha mbali milimani na maji yanakuja. Jinsi nilivyoyasimamisha malori matatu ukingoni. Jinsi lori la kwanza lilivyokumbwa na mafuriko kwa sababu sajini wangu alichelewa kutoa ishara. Na jinsi nilivyojitosa nikawatoa askari wawili, mmoja baada ya mwingine, kwa mikono hii.

Walipiga makofi. Mama hakupiga. Aliendelea kuchambua, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi:

"Wewe ulikuwa ndani ya lori lipi?"

"La kwanza, mama. Kiongozi hukaa mbele."

"La kwanza, lililoingia majini."

"Ndiyo."

"Sasa aliye mbele ndani ya maji huwasimamishaje walio nyuma ukingoni?"

Wengine hawakusikia, au walisikia wakadhani mama mzee hajui mambo ya jeshi. Mimi nilisikia. Niliokolewa na kelele za mizani, kwa maana zamu ilikuwa imemfikia jirani yetu Nyina wa Wairimu. Gunia lake lilikuwa limejaa buni nyekundu, zinang'aa kama shanga. Kamau hakulipima.

"Mwaga," akamwambia.

"Kwani huniamini, Kamau? Mimi nimekuzidi umri!"

"Wewe nakuamini kabisa. Ni gunia ndilo sijazoeana nalo."

Akalimwaga. Nyekundu zilikuwa za juu tu, kina cha kiganja. Chini yake zilikuwa mbichi, nyingi, na majani. Watu wakaguna, wengine wakacheka, na yule mama akaketi chini kuchambua upya mbele ya kilima kizima. Nilimtazama mama yangu. Hakuwa akimtazama jirani. Alikuwa akinitazama mimi.

Tukarudi nyumbani, yeye mbele na kiondo mgongoni, kamba yake kwenye paji la uso, mimi nyuma nikiruka madimbwi nisichafue viatu. Lazima nikueleze kwamba mimi ni mwana wa pili, na kwa desturi yetu mwana wa pili hupewa jina la baba mzazi wa mama yake. Kwa hiyo mama hakuniita kwa jina. Tangu utotoni aliniita Baba. Akikusemesha hivyo mwanamke aliyekuzaa, huna pa kujificha, kwa sababu anakukemea na kukuheshimu kwa neno moja.

Tulipofika uani akatua kiondo. "Baba," akasema, "mwaga."

Nikaketi kwenye kigogo, nikaanza kufungua kamba za viatu ili nipate cha kutazama. Kisha nikamwaga lote.

Sajini wangu aliitwa Barasa, mtu wa Bungoma, mrefu, mpole, aliyeingia jeshini mimi nikiwa bado nachunga mbuzi. Tulipofika kwenye ule mto mkavu, alishuka akaniambia, "Afande, tungoje. Tazama wale ngamia, wenyewe wamewapandisha mlimani wote. Wenyeji hawapandishi ngamia bure." Mimi nikachukua fimbo, nikapima mchanga, nikamweleza habari za uzito na upana wa magurudumu kama nilivyofundishwa chuoni. Nikamwambia maneno ambayo hata leo yananichoma: "Sajini, ngamia hawana diploma." Askari wakacheka. Nikaamuru malori yote manne yavuke kwa kufuatana, nikapanda la kwanza.

Barasa alikaidi amri yangu. Alisimama mbele ya lori la pili akanyoosha mikono, akayazuia malori yote matatu. Mimi nikiwa katikati ya mchanga nikimtukana kwa ishara, maji yakaja. Hayakuja kama mto unavyojaa huku kwetu. Yalikuja kama ukuta, ya rangi ya chai ya maziwa, yakibeba miti. Lori liligeuzwa. Ni kweli niliwatoa watu wawili, na kwa hilo sitaomba radhi kwa mtu. Lakini kamba niliyojifunga kiunoni, Barasa ndiye aliyenirushia, na Barasa ndiye aliyeishika upande wa pili.

Kisha ikaja siku ya kuandika ripoti. Lori la serikali limepotea, na lori likipotea lazima apatikane wa kulaumiwa. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Nikaandika kwamba mimi niliamuru wasimame, na sajini akachelewa kuipitisha amri. Mistari miwili tu, mwanangu. Nilijiambia kwamba Barasa ni mtu mzima, atavumilia. Mimi nilikuwa nimeanza safari, nilikuwa karibu kupandishwa kuwa Kapteni. Nchi inahitaji vijana wasomi. Uongo hauji kwako umevaa matambara. Huja umevaa sare, na una sababu nzuri.

Mama alisikiliza yote bila kunikatiza. "Na huyo Barasa sasa yuko wapi?"

"Kambini. Jumatatu ataitwa mbele ya kamanda. Watamvua mistari yake mitatu ya usajini, huenda wakamfukuza."

"Ana watoto?"

"Watano."

"Leo ni siku gani?"

"Ijumaa."

Akanitazama miguuni. "Sasa mbona unavua viatu?"

Nilifunga kamba zile, nikaondoka. Likizo yangu ilikuwa na siku tisa zaidi. Niliuzunguka mlima hadi kambini, upande wa pili, na njia nzima barua ile ya nishani ilikuwa ikinikwaruza kifuani. Sitakudanganya kwamba niliona raha, wala kwamba dhamiri yangu ilitulia mara moja. Niliogopa kuliko nilivyoogopa maji. Mara mbili niliwaza kurudi. Lakini nilikuwa nimekwisha kusimama, na mtu wa kwetu akishasimama haketi tena kabla ya kufika.

Jumamosi asubuhi nilibisha mlango wa kamanda wetu. Alikuwa mtu mkavu, asiyependa maneno mengi. Nikaweka mezani ripoti mpya, kurasa tatu, kila kitu mahali pake: ngamia, fimbo, mzaha wangu, mikono ya Barasa, kamba. Aliisoma mara mbili huku nimesimama wima.

"Luteni, unajua karatasi hii inakufanya nini?"

"Najua, afande."

"Hii ya kwanza uliandika wewe?"

"Niliandika mimi, afande. Ni uongo."

Akaziweka ripoti zote mbili kando kando. "Wale askari wawili. Uliwatoa au hukuwatoa?"

"Niliwatoa, afande."

"Basi nishani ni kwa ajili ya wale wawili, nitaitetea. Lakini ukapteni usahau kwa sasa. Na Jumatatu huyo Sajini hatasimama mbele yangu. Utasimama wewe mbele ya kombania nzima, uisome karatasi hii kwa sauti, hata askari wa mwisho asikie."

Jumatatu ilipofika, niliisoma. Mbele yangu walikuwa wamepangwa watu wale wale waliocheka niliposema ngamia hawana diploma. Nilipofika sentensi hiyo nikapaza sauti. Sikuruka neno. Nimepokea heshima nyingi maishani, nimekagua magwaride, nimepigiwa saluti na watu ambao sasa ni wakubwa, lakini siku ambayo nilikuwa ofisa kweli ni siku ile niliposimama nikajisomea makosa yangu.

Tulipotawanyika, Barasa alinijia. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote: dharau, au kisogo. Akapiga saluti, safi kabisa, kisha akasema polepole:

"Afande, leo umevuka vizuri."

"Nisamehe, Sajini."

"Nilikwisha kukusamehe siku ile nikishika kamba. Ningekuwa sijakusamehe, ningeiachilia." Akacheka hadi mabega yakatikisika. "Na wewe ni mzito, afande. Hiyo diploma ina kilo."

Ukapteni ulinichelewea miaka mitatu. Wenzangu walinipita, mmoja baada ya mwingine, nami nikawapigia saluti. Sikulia. Nilichapa kazi. Nilijenga barabara na madaraja ambayo magari yanayapita hata leo, nikazifundisha kombania tatu, na mwishowe niliwafikia walionipita na wengine nikawaacha nyuma. Nilistaafu nikiwa Luteni Kanali, na nishani nne. Barasa alistaafu akiwa na cheo cha juu kabisa ambacho askari asiye ofisa anaweza kukifikia, na kila ofisa kijana aliyeletwa chini yangu nilimpeleka kwake kwanza. Nikivaa nishani zangu, watu hutazama ile kubwa ya mwisho. Mimi mkono wangu huenda kwenye ile ya kwanza, kwa sababu najua nusu yake inakaa Bungoma.

Sasa sikiliza, wewe uliyepata elimu, uliyepata cheo, uliyepewa kalamu ya kuandika habari za wengine. Sikukatazi kujivuna. Jivune! Aliyepanda kilima kwa miguu yake ana haki ya kusema amefika juu. Lakini kabla hujasimulia ulivyopanda, mtaje aliyekushikia kamba. Usimdharau anayejua jambo ambalo wewe hujasomea. Huku kwetu tunasema mwenye busara ni yule aliyekubali kushauriwa. Ukikosea, andika kosa lako kwa mkono wako mwenyewe, kwa jina lako, mapema, kabla halijageuka mzigo wa mtu asiye na kalamu. Na lile gunia lako, nyekundu zikiwa juu tu, usingoje karani. Limwage mwenyewe. Ni aibu ya siku moja, na siku moja hupita.

Na ukijua lililo sawa kulifanya, usivue viatu.

Wazee wetu walipombariki kijana walitemea mate vifuani mwao, kisha wakampaka kifuani pake, maana yake: lililo ndani yangu liwe ndani yako. Mama alinifanyia hivyo niliporudi nyumbani baada ya gwaride la kutunukiwa, bila cheo kipya, na nishani yangu moja. Nami, kwa kuwa siwezi kukufikia huko uliko, nakufanyia hivyo kwa maneno. Mkono wako ulioandika kweli usikauke. Mto wowote ulio mbele yako ukupe njia, na ukikukumba, pawe na mtu ukingoni mwenye kamba. Nawe uwe mtu huyo kwa mwenzako. Mwenyezi Mungu aliye juu ya mlima wetu akulinde. Thaai, amani iwe nawe.