Mama mkwe na povu la kapuchino

Jamani, leo mama mkwe ameliengua povu lote la kapuchino yangu mbele ya wateja!

Amekuja kutoka Kigonsera kuuona mgahawa wangu hapa Mbinga kwa mara ya kwanza. Nikamtengenezea kapuchino, nikamchorea hadi ua juu ya povu la maziwa.

Yeye akachukua kijiko, akalihamishia povu kwenye kisosi.

"Mama Neema, maziwa yalikufurikia, mwanangu. Nimekutolea mapovu."

Wateja wakaangua kicheko. Mimi jasho.

"Mama, hilo povu ndilo utamu wenyewe!"

Akalionja. Akalimaliza lote.

"Basi niletee jingine. Kahawa usiweke."

Na ni mkulima wa kahawa huyo!

Nimecheka mpaka machozi, nikamtengenezea povu tupu, kikombe kizima.

Sasa niambieni, kinywaji hicho nikipe jina gani?