Fundi Candida na sarafu juu ya sindano

Saa nne asubuhi, Mtaa wa Swahili, Kariakoo. Candida Melkiori anashusha miwani hadi ncha ya pua na kuinamia gramafoni iliyo mezani kwake, kati ya duka la vitenge na la mabeseni. Sindano ya gramafoni imeshika unga mwembamba wa rangi ya chungwa.

Anaugusa kwa brashi.

Rupal, aliyeileta gramafoni ya baba yake, anasubiri amesimama. Baba huyo, Jeet, anatimiza miaka sabini Jumapili. Santuri ya roki aliyoipenda ujanani ilivunjika walipohama nyumba. Hii iliyo juu ya gramafoni ni albamu ileile iliyotolewa upya, safari hii kwa rangi ya chungwa, na Rupal ameiagiza ng'ambo. Ameijaribu upande wa kwanza mara tatu kwa siri. Kila mara inazidi kukwaruza.

"Wamenipiga, mama," anasema. "Santuri gani ya rangi kama pipi? Nairudisha."

"Ngoja kwanza, mwanangu. Kwani nyeusi ndiyo haina kosa?"

Candida, mzaliwa wa Rombo, ana umri wa miaka 63. Kazi aliianza akifagia duka la redio la marehemu Ghanshyam, huku akitazama mikono ya mafundi. Siku hizi hupata gramafoni mbili au tatu kwa mwezi. Kinachomlisha ni feni na blenda, ambazo siku njema humwachia shilingi elfu kumi na tano.

Anainua mkono wa gramafoni. Juu ya sindano, chini ya utepe uliochakaa, kuna sarafu ya shilingi ishirini.

Enzi zile sindano mpya zilikuwa adimu. Iliyokuwa butu ikianza kuruka, fundi aliibandikia sarafu ili uzito uikandamize, nayo ikatulia. Wateja walishukuru. Kumbe sindano butu iliyolemewa huchimba santuri. Kwenye santuri nyeusi, unga wake ulidhaniwa vumbi tu.

"Hii niliibandika mimi, mwaka tisini na nne," anasema Candida. "Santuri yako ilikuwa nzima. Kosa ni langu."

Rupal anamtazama. "Si ungenyamaza tu? Nisingejua."

"Ningejua mimi. Mzee Ghanshyam alinifundisha hivyo, ila mkono uliobandika ni huu."

Anabandua sarafu, anafunga sindano mpya. Upande wa kwanza bado unakwaruza. Upande wa pili, gitaa linatoka safi.

"Fundi, leo umefungua disko?" anauliza muuza mabeseni.

Candida anamgeukia Rupal. "Jumapili mpigie huu," anamwambia. "Habari za ule mwingine nitamweleza baba yako mwenyewe."

Anakadiria amebandika sarafu kwenye gramafoni zisizopungua arobaini. Wenyewe anaowakumbuka ni kumi na tisa. Anataka kuwafikia wote kabla ya Krismasi.

Kabla ya saa sita anampigia simu wa kwanza, mzee Eliakimu wa Ilala.

"Shikamoo, mzee. Ile gramafoni bado unaipiga?"

"Marahaba. Kila Jumamosi, mama. Tangu uiguse haijaruka hata mara moja."

Candida anavuta pumzi. "Basi Jumamosi hii usiipige mpaka nifike."