Kuku Wamemaliza Mchicha

Juzi, kwenye zahanati moja ya Misungwi, mama aliyebeba mtoto mgongoni alipiga kigelegele mbele ya dirisha la maabara. Benchi zima tukageuka. Mtoto wake, ambaye kila mvua zikianza huugua malaria, amepimwa na hana.

"Safari hii umefanyaje?" nesi akauliza.

"Chandarua nimekitoa bustanini, dada. Tulizungushia mchicha, kuku wasiingie. Sasa tunakilalia."

"Na mchicha?"

"Kuku wameumaliza wote!" akajibu, mabega yakicheza. "Nitapanda mwingine."

Benchi likamwitikia kwa vigelegele, wanaume tukiwemo. Sijawahi kuona mkulima akishangilia bustani iliyoliwa. Na wewe unayejisifia mchicha uliostawi, hebu kaangalie kwanza umeuzungushia nini.