Vipande Thelathini na Tisa Bila Fa

Tarehe 11 Mei 2011, saa nne kasorobo asubuhi, mwalimu wa muziki wa shule moja ya sekondari alitia saini fomu ya kupokea marimba moja, vibao hamsini na viwili, vyote vizima. Sanduku lilikuwa bado limefungwa. Dereva aliyelileta alikuwa na haraka.

Alipolifungua, vilikuwa hamsini na kimoja. Mahali pa fa ya katikati, sauti ya nne ya do-re-mi, palikuwa na pengo, kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza. Kuandika barua kungekuwa kukiri kwamba alisaini akiwa amefumba macho, na Mwalimu Vijiti, kama wanafunzi walivyomwita, hakuwahi kukiri kosa lolote, hata la kuchelewa. Funika kombe mwanaharamu apite. Akaanza kutafuta nyimbo zisizopita kwenye ile fa.

Zilikuwa chache, basi akatunga mwenyewe. Kila mwaka vipande vitatu: kimoja cha wanaoanza, kimoja cha wa kati, na kimoja cha wanaoshika vijiti vinne kwa mpigo, ambacho yeye mwenyewe hakukiweza ila alikisimamia kwa uso mkali. Miaka kumi na tatu, vipande thelathini na tisa, na vyote vilikuwa na tabia moja: vikikaribia katikati vilikuwa vinaruka ghafla, kama mtu aliyeona dimbwi. Tabia hiyo aliiita mtindo.

"Hivi mwenzangu," mke wake alimwambia siku moja akikunja nguo, "kibao kimoja cha mti kinakukimbiza miaka yote hii? Si umwambie seremala akuchongee?"

"Mama watoto, wewe sanaa huijui."

"Sanaa siijui. Woga naujua, nimeolewa nao."

Kisha kamati ya mitaala ikatangaza kwamba inatafuta kitabu kimoja cha vipande vya marimba kwa wanafunzi wa shule zote. Mwalimu akavijalidi vipande vyake, akapeleka kitabu. Kikipita, jina lake lingekaa kwenye kila dawati. Kisipopita, angestaafu Desemba akiwa yule mzee aliyewapigia wageni rasmi wakila.

Aliitwa aje na mwanafunzi mmoja. Akamchukua binti wa mwaka wa mwisho, hodari kuliko wote. Ukumbini kulikuwa na marimba ya kamati, kamili. Binti akapiga vipande viwili bila dosari. Mwenyekiti, mama mmoja aliyefundisha piano maisha yake yote, akamtazama.

"Hongera, mwanangu. Sasa nipigie skeli tu, ya katikati. Do mpaka do."

Binti akapiga do, re, mi, so, la, ti, do. Haraka, safi, bila kusita.

"Umeruka moja."

"Hapana, mama. Hapo huwa hakuna kitu."

"Si kipo mbele yako?"

Binti akakitazama kile kibao kama mgeni aliyekalia kiti cha baba. "Mwalimu alisema fa ya katikati ni ya marimba za wakubwa."

"Ni falsafa ya kitabu, mwenyekiti," mwalimu akadakia. "Mwanafunzi anaanza kwa kuliheshimu pengo."

Wajumbe wanne wakaandika. Mmoja akauliza kama falsafa hiyo ina marejeo.

"Mwalimu," mwenyekiti akasema taratibu, "mimi nimezeeka na hawa watoto. Hicho kibao chenu kilivunjika lini?"

"Hakikuja," mwalimu akasema. Akaona aibu kwa jinsi lilivyokuwa neno dogo.

"Basi tupisheni tupige kura."

Kilichowasilishwa kilikuwa kitabu kimoja tu, na ripoti ilitakiwa wizarani Ijumaa. Kikapita kwa kura nne dhidi ya moja, ya mwenyekiti. Kinaingia madarasani Januari. Binti anaanza chuo cha muziki mwezi huohuo, na muhula wake wote wa kwanza atafundishwa skeli.